Namba moja ya kampuni kwa Afrika Mashariki

Ndugu Mhariri,

Tangu Juni 2017 rejista za kampuni za nchi za Umoja wa Ulaya zimeunganishwa, na kila kampuni yenye dhima yenye kikomo hutambuliwa kwa namba inayoanza na herufi mbili za nchi, ikifuatiwa na alama ya rejista, nukta, kisha namba ileile iliyopewa nyumbani. Hakuna aliyelazimika kusajiliwa upya. Ujerumani, ambako rejista hutunzwa na mahakama, namba ya usajili kama HRB 1000 inaweza kuwa ya kampuni moja Munich na nyingine kabisa Berlin. Alama ya rejista ndiyo inayozitenganisha.

Kwetu, mamlaka za usajili wa kampuni, yaani BRELA ya Tanzania, BRS ya Kenya na URSB ya Uganda kila moja ina namba zake, hivyo mfanyabiashara wa Arusha anayetaka kumhakiki mnunuzi wa Nairobi hutegemea zaidi jina, ambalo (tuseme kweli) ni rahisi kuigwa. Naishauri Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze na namba ya pamoja ya namna hiyo kabla ya kununua mitambo ya kuunganisha rejista, kwani bila hiyo mfumo hauwezi kutambua kwa uhakika kwamba tawi la Kampala ni la kampuni ya Dar es Salaam.

Wako,
Msomaji, Arusha