Vindolanda haitaokolewa kwa kuchimbwa haraka

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja ametaka ngome ya Warumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, ichimbwe yote upesi kabla ardhi haijakauka, na kijiji kilichokuwa nje ya lango la magharibi kingoje. Hofu yake naielewa. Pendekezo lake ndilo baya.

Vindolanda si ngome moja. Ni angalau tisa, zilizojengwa moja juu ya nyingine tangu mwaka 85 hivi, kabla Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpakani wa Warumi, haujaanza kujengwa mwaka 122. Askari wapya walipofika walitandaza udongo mfinyanzi na mabonge ya nyasi juu ya mabaki ya kambi ya mbao, wakajenga upya. Kifuniko hicho kilizuia oksijeni, na vijidudu vya kuozesha vikakosa nguvu. Ndiyo maana vimepatikana viatu vya ngozi zaidi ya 5,000, na vile vibao vya barua vilivyogunduliwa kuanzia 1973: mbao nyembamba za milimita 1 hadi 3, zilizoandikwa kwa wino wa kaboni.

Kibao kikitoka topeni hakianikwi. Hufikishwa maabara kikiwa bado na maji yake, kikaushwe taratibu kwa kemikali, kisha kipigwe picha za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kwani mara nyingi macho hayaoni mwandiko. Kikikauka ovyo, maji hutoka ghafla, kuta za seli za mti hubonyea, nacho hujikunja na kupasuka. Ngozi nayo husinyaa na kukakamaa. Kwa hiyo kasi ya uchimbaji huamuliwa na maabara: kuna matangi mangapi ya kuhifadhia vitu vilivyolowa, na wahifadhi wangapi. Kuongeza vibarua ni kuongeza hasara.

Kuhusu kijiji, nyumba zake za mawe zimekaa juu ya ngome za mbao za zamani, zilizokuwa kubwa kuliko ile ya mawe inayoonekana leo. Anayekiruka kijiji anaziruka pia kambi zile. Na mtaro wa uchimbaji ukiishia kwenye ukuta wa ngome bila kuunganisha pande mbili, tabaka za kijiji haziwezi kulinganishwa na za ngome, wala hatutajua nyumba ipi ilikuwa ya wakati wa kikosi kipi.

Kinachohitajika kwanza ni kupima kina cha maji na unyevu ardhini mwaka mzima. Panapokauka pachimbwe sasa. Palipo na maji pabaki pamefunikwa.

Mwanaakiolojia