YAH: MALALAMIKO KUHUSU LOKI YA USUKANI KUKWAMA NA KUNYIMWA DHAMANA

Ngaramtoni, Arusha
22 Septemba

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Pikipiki niliyonunua dukani kwenu mwezi wa 4 ilianza kusumbua kwenye swichi ya ufunguo, ile ile inayofunga usukani, kabla haijamaliza miezi miwili: ufunguo unaingia vizuri, ukizungusha unagoma katikati. Nikaileta kwenu. Kijana wa mapokezi hata hakuigusa, akasema niweke oili kidogo kwenye tundu la ufunguo. Nikaweka, maana nyie ndio wenye pikipiki zenu.

Alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu ikagoma kabisa, usukani umekunjwa kushoto kama nilivyoufunga usiku. Najua pini inayofunga usukani ikibanwa ufunguo hauzunguki, kwa hiyo nilichezesha usukani kulia na kushoto huku nikizungusha taratibu. Wapi! Kutumia nguvu niliogopa, ufunguo ukikatikia ndani ndiyo basi tena. Abiria wangu wa kila siku, mama anayeuza ndizi soko la Kilombero, alisimama pale na mkungu wake mpaka ikabidi nimwombe radhi atafute mwingine. Na pikipiki iliyofungwa usukani haisukumiki, inazunguka palepale. Tuliibeba watu wanne, tukaipakia kwenye guta mpaka kwa fundi.

Fundi aliifungua swichi mbele ya macho yangu. Ndani kulikuwa na tope jeusi: vumbi la huku kwetu limeshikana na oili, na vile vibati vidogo vinavyopanda na kushuka ufunguo ukiingia vimeganda. Akasema sehemu za vumbi loki haiwekwi oili, inawekwa unga wa penseli. Guta na fundi vimenigharimu shilingi 25,000, na siku nzima sikufanya kazi.

Lakini kilichoniuma ni majibu yenu. Nilipoleta risiti mliniambia dhamana imekufa kwa sababu "mteja ameweka oili". Oili hiyo mliniagiza nyie! Na swichi ilishaanza kugoma kabla ya oili, ndiyo sababu nilikuja kwenu mara ya kwanza.

Naomba seti nzima ya loki, yaani swichi, kifuniko cha tanki na loki ya pembeni, zote za ufunguo mmoja. Swichi peke yake sitapokea, nisije nikatembea na funguo mbili kwa kosa lisilo langu. Naomba pia 25,000 yangu, na huyo kijana aelekezwe asiwaambie wengine kama alivyoniambia mimi.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitapeleka risiti na swichi Tume ya Ushindani (FCC). Kwa sasa usukani siufungi tena. Pikipiki inalala sebuleni, na watoto wanalala na harufu ya petroli.

Mteja wenu,
Dereva wa bodaboda, Ngaramtoni