Dola 25 za Kukagua Kadi, na Mkasi Unaokugharimu Zaidi

"Unaniambia kadi yangu haina bei, halafu unanidai dola 25 kwa kuniambia hivyo hivyo." Lalamiko hili tunalisikia tangu tufungue duka letu la kadi za wachezaji hapa Syracuse, jimbo la New York. Mwezi huu limerudi kwa ujumbe wa sauti uliozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa mjini, kwamba tunawashushia watu bei makusudi ili tununue kwa bei ya kutupa. Aliyeurekodi ni mteja wetu, kijana mwenye adabu anayefanya kazi za usiku ghalani, na fedha yake ni ya jasho. Uchungu wake ninauelewa. Lakini hakupunjwa hapa kwetu, na tuna haki ya kulisema hilo waziwazi.

Alileta kadi ya mchezaji wa kikapu Dikembe Mutombo ya msimu wa 1991–92, imo ndani ya plastiki ngumu, aliyoinunua mtandaoni kwa dola 180. Muuzaji alimwambia ni kadi ya mwaka wa kwanza. Hilo ni kweli: Mutombo alitoka Chuo Kikuu cha Georgetown akachaguliwa wa nne kati ya wachezaji wapya, na timu ya Denver Nuggets, mwaka 1991, na kadi zake za kwanza za NBA ni za msimu huo. Kwa Mkongomani, huyu ni zaidi ya mchezaji. Ndiye aliyetikisa kidole kila alipozuia mpira, na ndiye aliyejenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007. Alipofariki Septemba 2024 watu wengi walikuja kuulizia kadi yake, na wapo wauzaji wa mtandaoni waliogeuza msiba kuwa biashara. Sisi kadi ile ile tunaiuza dola 3.

Sababu yake ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walikuwa wamesikia kwamba kadi za besiboli za miaka ya 1950 zinauzwa kwa maelfu ya dola, wakaanza kununua maboksi mazima na kuyafungia chini ya vitanda wakisubiri utajiri. Kampuni nazo zikachapa bila kujizuia mpaka miaka ya mwanzo ya 1990, za kikapu pia. Hakuna aliyetupa kitu, na ndiyo maana kadi za miaka ile, hata za mashujaa wakubwa, bado zimejaa tele zikiwa safi kama zilivyotoka kiwandani.

Linganisha na kadi ya nyota wa besiboli Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, namba 311. Ilitoka katika awamu ya mwisho ya toleo lile, msimu ukielekea ukingoni, na watoto walikuwa wamehamia kwenye mambo mengine. Maboksi yakabaki ghalani kwa miaka. Sy Berger, aliyelibuni toleo hilo, alisimulia mwenyewe jinsi alivyojaribu kuyauza kwa bei ndogo bila kupata mnunuzi, mpaka mwaka 1960 yakapakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Zilizosalia mikononi mwa watoto ziliishia kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele, au zilitupwa na kina mama waliokuwa wakisafisha vyumba. Mmoja wa Mantle waliosalimika, akiwa katika hali nzuri ajabu, aliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Bei imetokana na hadithi ile ya kutothaminiwa. Umri peke yake hauleti bei, na jina kubwa peke yake haliileti.

Kwa hiyo nilipomwambia kijana yule ukweli, nilimwambia kitu ambacho kingemwokolea dola 177 kama angekuja kabla ya kununua. Na wote wajue utaratibu wetu, ambao umebandikwa ukutani dukani: kadi tuliyoikagua kwa malipo hatuinunui sisi. Ukitaka kuiuza, peleka kwingine na karatasi yetu. Tuliweka sharti hilo ili pasiwe na mtu wa kusema tulithamini kwa mkono mmoja na kununua kwa mkono wa pili.

Sasa dola 25 zinalipia nini? Kadi inapimwa urefu na upana kwa kipimo cha milimita. Kingo nne zinaangaliwa moja moja chini ya lenzi, kwa sababu ukingo wa kiwandani wa karatasi ya zamani una nyuzi na umechakaa sawa na uso wa kadi, lakini ukingo uliokatwa jana unang'aa. Tunaangalia nukta za wino. Kadi bandia nyingi ni picha ya picha, na maandishi ambayo yalipaswa kuwa wino mzito yanaonekana yameundwa kwa vinukta. Tunazima taa na kuimulika kwa taa ya zambarau (UV), maana karatasi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili kwa kawaida haikutiwa dawa ya kung'arisha weupe. Kadi inayodaiwa ni ya 1910 ikiwaka kama shati jipya, mazungumzo yamekwisha. Kazi hiyo ikifanywa ipasavyo inachukua sehemu kubwa ya saa, na bado hatujaigeuza kadi tuone mgongo wake.

Mgongo ndio ninaoupenda. Chukua zile kadi ndogo za sigara ambazo wakusanyaji huziita T206, zilizotolewa kati ya 1909 na 1911 na American Tobacco Company. Mbele yuko mchezaji. Nyuma kuna tangazo la tumbaku, Piedmont, Sweet Caporal, Sovereign, Polar Bear na nyinginezo, na mara nyingi namba ya kiwanda na jimbo lake. Mchezaji mmoja mwenye picha ile ile anaweza kuwa na bei ya kawaida kwa mgongo wa Piedmont na bei ya kutisha kwa mgongo adimu. Jina lenyewe la T206 lilitokana na mtu wa hapa hapa Syracuse, Jefferson Burdick, aliyeziorodhesha kadi za Marekani akazipa herufi na namba: T ni ya tumbaku. Alikuwa na ugonjwa wa viungo uliomkunja mikono, lakini alibandika mkusanyiko wake wa vitu zaidi ya 300,000 kwenye albamu za jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York, akafariki mwaka 1963 muda mfupi baada ya kuimaliza kazi hiyo. Kila ninapoona mtu amegundisha kadi kwenye karatasi kwa gundi, mgongo chini, namfikiria mzee huyo. Kadi isiyosomeka mgongo ni kanga iliyokatwa jina.

Nije sasa kwenye jambo linalotuumiza sisi na wateja wetu pamoja, nalo ni kuirembesha kadi kabla ya kuileta.

Dada mmoja wa Mombasa, mtunza wazee, alipewa na familia ya bibi aliyemhudumia boksi la viatu lenye kadi za sigara. Nyingi zilikuwa na madoa ya kahawia. Kwa nia njema kabisa alikaa na pamba yenye maji na kifutio, akazifuta moja baada ya nyingine mpaka zikawa "safi". Zilikuwa na mgongo wa Polar Bear. Ile ilikuwa tumbaku ya vipande vipande, ikiwekwa na kadi ndani ya pakiti moja, na doa lile ni tumbaku yenyewe ya miaka zaidi ya mia moja. Mkusanyaji analitarajia. Kilichobaki baada ya kusugua ni karatasi iliyochubuka na rangi iliyofifia usoni mwa mchezaji, na hilo halirekebishiki. Doa lingepunguza bei kidogo. Kifutio kiliondoa zaidi ya nusu.

Mzee mmoja wa Bukavu, ninamheshimu sana, alinunua kwenye mnada wa ghala kadi ya Roberto Clemente ya Topps ya 1955, ambayo ndiyo kadi yake ya mwaka wa kwanza. Clemente alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka Puerto Rico, na kuanzia 1957 hadi 1969 Topps walimwandika "Bob" kwenye kadi zake, kana kwamba jina lake lilikuwa zito mno kwa Wamarekani. Alikufa tarehe 31 Desemba 1972 kwenye ajali ya ndege akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nikaragua. Hii ya 1955 ina jina lake kamili, na mzee aliipenda kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba kadi za Topps za 1952 mpaka 1956 ni kubwa, takriban milimita 67 kwa 95. Kipimo cha leo, 64 kwa 89, kilianza mwaka 1957. Kadi haikuingia kwenye mfuko wa plastiki alionunua dukani. Akachukua mkasi na rula. Alikata vizuri, mkono wake umetulia. Mifuko ya ukubwa ule wa zamani ipo, tunaiuza senti chache. Kadi iliyopunguzwa, kampuni zinazozipangia kadi madaraja ya ubora, 1 hadi 10, kama PSA na SGC, haziipi namba. Zinaandika kwamba imebadilishwa, basi. Aliyekuwa na maelfu ya dola mkononi akabaki na mia kadhaa. Naye alitulipa dola zake 25 bila neno, na mpaka leo ananiletea wateja.

Wengine huniambia, "Mbona matajiri wanakata na wanauza?" Wanamkusudia Honus Wagner. Huyu alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, alifanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe Pennsylvania akiwa mtoto, akaja kuwa nyota wa timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates. Kadi yake ya T206 iliacha kuchapwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, na wapo wanaosema ni suala la malipo. Zilizobaki ni chache sana. Moja maarufu kuliko zote ilinunuliwa mwaka 1991 na nyota wa hoki ya barafu Wayne Gretzky akishirikiana na Bruce McNall, mmiliki wa timu yake, kwa dola 451,000, ikawa kadi ya kwanza kupangiwa daraja na PSA, daraja la 8, na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Kingo zake zilinyooka mno kwa kadi ya umri ule, na minong'ono ilikuwepo kwa miaka. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu katika minada yake. Kadi ile imebaki na bei kwa kuwa sasa ni maarufu kwa kashfa yake. Ya kwako na yangu haitapata umaarufu huo.

Halafu kuna alama ambazo ukizifuta umefuta ushahidi. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ilitoa kadi za besiboli pamoja na bigijii, lakini namba 106 haikuwemo. Watoto wakanunua na kununua wakiitafuta. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1934 kampuni ikachapa namba 106, ya Napoleon Lajoie, ikawatumia kwa posta wale waliolalamika. Barua na kadi zilishikwa pamoja kwa kibanio cha chuma, na ndiyo maana Lajoie wengi wana alama ya kibanio. Mtu asiyejua ataiweka chini ya pasi ili anyooshe. Msipige kadi pasi, tafadhali. Wala msiipitishe kwenye mashine ya kuifunika plastiki kama kitambulisho, maana hiyo haitoki tena.

Kwenye stika mambo ni hayo hayo. Mteja kutoka Lubumbashi alipata albamu ya Panini ya Kombe la Dunia la 1974, lile la Ujerumani Magharibi ambako Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushiriki. Wazee wa Lubumbashi wana sababu ya kuipenda: kipa Kazadi na beki Mwepu Ilunga walikuwa wa TP Mazembe. Dunia inamcheka Mwepu kwa kutoka ukutani na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujapigwa. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Wachezaji walikuwa hawajalipwa, walikuwa wametishwa baada ya kufungwa 9–0 na Yugoslavia, na alifanya vile kwa hasira. Mteja wetu huyu alitaka kumtumia baba yake ukurasa wa Zaire kwenye fremu, akabandua stika kwa mashine ya kukaushia nywele. Zikachanika, na albamu ikawa imetobolewa. Tungempigia picha ukurasa na kuuchapisha kwa ukubwa anaotaka kwa dola 15, na albamu ingebaki nzima.

Bei zetu, basi, ni hizi. Kadi moja dola 25, pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza. Boksi la viatu zima dola 60: tunalipitia lote, tunatenga zinazostahili kukaguliwa, na hizo chache hatuzilipishi tena. Wanaosema ni ghali wajue kwamba tunawakatisha watu tamaa ya kupeleka kadi kwenye kupangiwa daraja mara nyingi kuliko tunavyowashauri wapeleke, kwa sababu ada ya huko inaweza kuizidi bei ya kadi. Hatupati senti kwa kusema "usipeleke".

Ukija, lete kadi ilivyo, na vumbi lake. Usiondoe mpira wa kufungia uliogandamana na kadi, tutaukata sisi. Lete na boksi lenyewe, bahasha, barua, chochote kilichokaa nazo. Na nyinyi mnaotunza wazee, mkipewa zawadi na familia, ombeni karatasi iliyosainiwa inayotaja nani alizikusanya, wapi, na kwamba mmepewa. Waajiri wengi wanakataza zawadi, kwa hiyo ulizeni kwanza kazini. Karatasi hiyo inawalinda nyinyi, na mnunuzi huilipia kwa furaha kwa sababu inamwambia kadi ilikotoka.

Kadi za Mutombo za dola 3 zipo kwenye trei karibu na mlango. Wenye maboksi makubwa wapige simu kabla, tuwapangie Jumamosi.