Mama yangu mzazi alimfungia mwanangu chumbani wageni wasimwone

Shangazi, shikamoo.

Kwanza uelewe kwamba simchukii mama yangu. Najua watakaosoma hapa watasema huyu binti hana adabu, anamwanika mzazi wake mbele za watu, na wengine watanikumbusha pepo na nyayo za mama. Yote hayo nimejiambia mwenyewe usiku wa leo. Mwadhini ameshaadhini na mimi jicho sijalifumba.

Mama alimfungia chumbani mwanangu mwenye ulemavu. Ilikuwa mwezi wa sita, siku ya kumtoa mwali, binti wa mdogo wangu, nyumba imejaa watu kutoka Kitangari mpaka Masasi. Mimi nilikuwa nyuma na masufuria ya pilau. Nilipokwenda kumwangalia mtoto, kona ninayomkalisha tupu. Namuuliza mama, akanijibu bila kunitazama, "Nimemweka ndani, watu wanakula." Watu wanakula, Shangazi! Nilimkuta kwenye mkeka amelala chali, amelowa, mlango umetiwa komeo kwa nje, na ngoma uani inalia kiasi kwamba hata angepiga kelele nani angemsikia.

Huyu mtoto alipozaliwa hakulia. Walimhangaikia sana ndipo akatoa kisauti. Miezi ikaenda, shingo haikazi, ngumi kazifumba dole gumba likiwa ndani, ukimnyanyua miguu inapishana. Kliniki nilikuwa naenda kila mwezi. Anapimwa, uzito mzuri, wanaandika kwenye kadi, haya mwingine. Nikisema mbona hakai, naambiwa watoto wa kiume huchelewa. Kwa hiyo mtu asije akasema nilizembea, kadi ninayo na haina mwezi uliorukwa. Hata mhudumu wa afya wa jamii alipotukusanya kutueleza ile programu ya serikali ya malezi na makuzi, ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, mimi nilikaa mstari wa mbele. Tukaambiwa tuongee na watoto, tucheze nao. Mimi wangu naongea naye tangu yuko tumboni. Nilichotaka ni mtu wa kuniambia kwa nini hakai.

Aliyeniambia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule hospitali ya Ligula, Mtwara. Mtindio wa ubongo. Akasema hakuna sindano wala kidonge cha kuuondoa, ila ubongo wa mtoto mdogo bado unajijenga, kwa hiyo akianza mapema kuna mengi anaweza kujifunza, na viungo visiponyooshwa mapema vinakakamaa, baadaye ni kazi kubwa. Nilitaka anipe dawa, sikufichi. Badala yake akanishika mikono akanionyesha: mkalishe kwenye kona ya kuta mbili, khanga zilizoviringishwa huku na huku, stuli ndogo mbele aegemeze mikono. Mbebe kiunoni miguu imepanuka, usimpakate kama kichanga. Mlishe akiwa amekaa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo, na asilishwe kabisa akiwa amelala maana uji unaweza kuingia kwenye mapafu.

Sasa mama ndiye anayemlaza mapajani na kumnywesha uji kwa kiganja. Nikisema, ananijibu, "Nyie niliwanywesha hivihivi, mlikufa?" Mwaka jana alimchimbia shimo uani akamfukia mchanga hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu, kama wanavyofanya wazee wa huku, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Halafu kuna mganga wake ng'ambo ya mto Ruvuma, hachoki kumtaja.

Lakini usimwone mbaya. Nikienda kuokota korosho ni yeye anayebaki naye. Ni yeye anayemfulia. Anamwimbia Kimakonde mpaka mtoto anacheka na udenda unamtoka, na akisikia tu sauti ya bibi yake anageuza shingo, shingo hiyohiyo iliyokuwa haikazi. Mimi hanigeukii hivyo. Sasa mtu anayempenda mtoto namna hiyo anamtia komeo vipi? Nilipomuuliza alisema alikuwa anamkinga na macho ya watu. Macho gani, na siku ile aliyekuwa akitazamwa ni mwali? Aseme tu aliona haya.

Mazoezi yanasaidia, wala sibahatishi. Siku hizi anakaa mwenyewe bila kushikwa kwa muda wa mimi kubangua kikombe cha korosho, kisha anaporomokea kushoto. Mvua zikianza atatimiza miaka mitatu. Mtaalamu anataka kumwona kila wiki. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure, lakini kondakta wa Newala kwenda Mtwara hajui habari hizo. Shoga yangu anakaanga samaki Chikongola, hukohuko Mtwara, nyumba anayopanga kuna chumba kimebaki wazi, na anasema nitapata pa kuuzia maandazi. Baba mtoto yuko machimboni Ruangwa, akipata anatuma, na ukimuuliza chochote anasema msikilize mama. Mjomba naye kasema mtoto wa ukoo haendi kulelewa kwa wapangaji. Hela za korosho zinaingia benki kwa jina la mama, kwa sababu shamba ni lake.

Nilikuwa nimeamua kuondoka hivyohivyo, kwa kukopa. Nguo zake nimeshazitia kwenye begi. Binti yangu yuko darasa la tatu, nilipanga kumwacha kwa mama. Ndiyo, kwa mama huyohuyo. Yeye ana miguu ya kukimbia, usinielewe vibaya.

Basi jana baada ya kula, mama akaniambia, "Twende wote. Hela za mnada wa korosho zikiingia tutalipa kodi. Ukiwa kwenye maandazi nani atamshika? Mjomba wako niachie mimi." Akaendelea kutoa vyombo. Nilitakiwa nifurahi. Nilikosa hata neno la kumjibu, nikasema nakwenda kulala.

Nashindwa kukubali, Shangazi, na sina sababu ya kukataa. Kile ni chumba kimoja. Mimi nitakuwa barabarani tangu alfajiri, wapangaji wenzangu watakuwa wanaingia na kutoka, na yeye atakuwa ndani na mtoto, na mlango una komeo. Hajawahi kusema alikosea. Nimwambie aniombe radhi kwanza? Mzazi anamwombaje radhi mtoto wake, na nikishamtamkia hivyo si ndiyo nimejilaani? Au ninyamaze, nichukue hela zake, halafu nikiuza maandazi niwe nawaza yuko kwenye kona yake au amelala chali ananyweshwa uji? Wakati mwingine nasema afadhali nisiende, tubaki hapahapa kila mtu na lake. Ila mtaalamu alishasema viungo havisubiri.

Nikikataa asije, nani atamwimbia?

Naomba ujibu mapema, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kabla mwezi haujaisha. Na kijiji usikitaje hata ukikihisi, mama ana mjukuu anayemsomea.

Binti wa Newala