Kwa Rehema, kuhusu utumbo wako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole sana kwa maumivu. Unauliza kama ni lazima upasuliwe. Kwa ulivyonieleza, huenda usihitaji upasuaji kabisa, ila jina la ugonjwa peke yake haliamui. Divatikulaitisi, yaani kuvimba kwa vifuko vidogo kwenye ukuta wa utumbo mpana, hubeba hali nyingi: kuna inayotulia nyumbani kwa siku chache, na kuna ya kuingizwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Kinachozitenganisha ni picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha tumbo kwa ndani vipande vipande. Kwa hiyo kabla ya habari ya dawa, mwombe daktari akusomee ripoti. Kuna jipu? Lina sentimita ngapi? Kuna hewa au usaha nje ya utumbo?

Utumbo mpana una sehemu dhaifu pale mishipa ya damu inapopenya misuli ya ukuta wake. Miaka ikienda, utando wa ndani husukumwa nje kupitia hapo na kufanya vifuko vidogo, mara nyingi chini kushoto. Watu wengi wanavyo na hawajui. Taabu huanza kimojawapo kinapovimba au kupata tundu.

Ikiwa ripoti inataja uvimbe tu, bila jipu wala kutoboka, na mwili wako ni mzima kwa mengine, utatibiwa nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo kunywa tu: maji, chai, supu iliyochujwa. Hamu ya kula ikirudi, anza na vyakula laini, kisha rudia chakula chako cha kawaida. Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kama ini lina matatizo. Ibuprofeni na diklofenaki weka kando, kwa sababu huongeza hatari ya utumbo kutoboka.

Usishtuke usipoandikiwa antibiotiki. Zamani kila mgonjwa alipewa. Mwaka 2012 utafiti wa AVOD wa Sweden na Iceland, uliohusisha wagonjwa 623, ulionyesha kwamba katika hali hii nyepesi waliokosa dawa hizo walipona sawa na waliopewa, na utafiti wa DIABOLO wa Uholanzi ukaja na jibu hilohilo. Daktari asiyekuandikia hajakupuuza. Lakini wapo wanaozihitaji bila mjadala: wajawazito, wenye kinga dhaifu, na wanaotumia steroidi (dawa kama prednisoloni), ambao wanaweza kutoboka utumbo bila homa wala maumivu makali. Vilevile anayetapika, mwenye dalili zaidi ya siku 5, au ambaye CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kimepita 140 (mg kwa lita).

Dawa zenyewe mara nyingi ni amoksilini yenye klavulaniki, au siprofloksasini pamoja na metronidazole, kwa siku 4 hadi 7. Hapa watu huharibu matibabu bila kujua: siprofloksasini ikimezwa pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia, hushikana na madini yaliyomo na kiasi kikubwa hakiingii mwilini. Imeze kwa maji, angalau saa 2 kabla ya vitu hivyo. Ukihisi maumivu nyuma ya kifundo cha mguu, acha na umwambie daktari, maana dawa hiyo huweza kudhuru kano. Na ukiwa kwenye metronidazole, pombe marufuku.

Jipu lina hesabu yake. Likiwa chini ya sentimita 3 hivi, antibiotiki peke yake mara nyingi hutosha, kwa kawaida ukiwa umelazwa. Likizidi hapo, huingizwa sindano kupitia ngozi kwa kuongozwa na CT, kisha huachwa mrija wa kutoa usaha. Ukiwekewa, angalia mfuko wake kila siku na uandike mililita. Usaha ukipungua taratibu na homa ikashuka, unapona. Ukikatika ghafla siku ya pili na homa ingali palepale, mrija umeziba. Lazima usafishwe kwa maji ya chumvi au ubadilishwe, na usikubali uchomolewe kwa sababu tu "umekauka".

Utumbo ukitoboka na usaha au kinyesi kikasambaa tumboni, upasuaji ni wa haraka. Njia ya zamani ni ya Hartmann: kipande kibovu hukatwa, ncha ya chini hufungwa, ya juu hutolewa kwenye ngozi ya tumbo na kuwekewa mfuko. Huambiwa ni wa muda, lakini kwa wengi utumbo haurudishwi ndani kamwe. Kama shinikizo la damu limetulia, uliza kuhusu kuunganisha ncha papo hapo, hata kwa kuweka tundu la muda la kutolea utumbo mwembamba kwenye ngozi, ambalo ni rahisi zaidi kulifunga baadaye.

Ile kanuni ya "ukiugua mara mbili basi upasuliwe" imeachwa. Siku hizi upasuaji wa kupanga hutegemea jinsi ugonjwa unavyokuvurugia maisha, au kama utumbo umebana au umetoboka hadi kibofu, jambo unaloligundua mkojo unapotoka na mapovu ya hewa. Ukifika huko, muulize daktari ataunganishia wapi. Kiungo kinatakiwa kiwe kwenye rektamu yenyewe, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kikiachwa juu zaidi, ugonjwa hurudi kwa urahisi.

Baada ya wiki 6 hadi 8 ufanyiwe kolonoskopi (kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa mrija wenye kamera), kama hukufanyiwa ndani ya mwaka uliopita, kwa sababu saratani inaweza kufanana na uvimbe huu kwenye CT. Isifanywe sasa, hewa inayopulizwa inaweza kupasua utumbo uliovimba. Ukishapona, panda polepole hadi gramu 25 au 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Karanga na mbegu ulizokatazwa hazina kosa.

Homa ikipita 38, ukitapika hata maji, tumbo likikaza kama ubao, au zikipita siku tatu bila nafuu, nenda hospitali hapohapo, usisubiri barua yangu. La sivyo, ninakilie neno kwa neno sehemu ya mwisho ya ripoti ya CT, pale penye hitimisho, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

Rafiki yako akupendaye.