Kufuga kiasili sio kutelekeza mifugo

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni. Siku hizi kila anayeongelea kuku wa asili na mbuzi wa maziwa anasema ni ufugaji usio na kazi, eti asubuhi unawafungulia wanajitafutia, jioni unaokota mayai na kukamua, dawa hakuna chanjo hakuna, ndo maana ukaitwa wa kiasili. Kauli hii inaua mifugo ya watu, na mimi niliiamini.

Nilikuwa na mbuzi chotara wa Toggenburg, mbegu ya mbuzi wa maziwa ya Uswisi, mwenye maziwa mengi kweli, nikagoma kabisa kumpa dawa ya minyoo maana niliambiwa mbuzi anajitibu mwenyewe kwa majani. Akaanza kuzubaa, manyoya yakamsimama, baadae ukatokea uvimbe laini chini ya taya kama kifuko cha maji nikadhani kaumwa na nyuki. Daktari wa mifugo alipofika akamshika kichwa akashusha kope la chini, ndani peupe kama karatasi. Damu yote imenyonywa na minyoo ya tumboni. Hakufika asubuhi.

Hiyo ya kope ndo nataka kila mfugaji aijue. Ilianzia Afrika Kusini, inaitwa FAMACHA, kuna kadi yenye rangi 5 kuanzia nyekundu mpaka nyeupe unalinganisha na ndani ya kope, aliyepauka ndo anapewa dawa, sio zizi zima kila mara maana ukiwapa wote minyoo inazoea dawa halafu siku ya shida haifanyi kazi tena. Na mbuzi toka zamani ni mla vichaka, shingo juu anatafuta majani, ila vijidudu vya minyoo vinakaa huku chini kwenye nyasi fupi, sasa ukimchungia palepale kila siku mpaka nyasi zimebaki kama kapeti unamlisha minyoo kwa mkono wako mwenyewe. Mfungie matawi juu, mhamishe eneo. Huo ndo uasili.

Kuku nao hivyohivyo. Mimi nawapenda hawa wa mbegu za zamani kwasababu tetea anaatamia mwenyewe siku 21, anageuza mayai kwa mdomo, akitotoa utamsikia anavyoita vifaranga kwa sauti ya chini akipata mchwa, kitu ambacho kuku wengi wa kisasa wa mayai wameshapoteza kwa kuchaguliwa watage tu. Lakini mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri, hauchagui kuku wa asili wala wa kisasa, ukiingia banda lisilochanjwa unaweza kubaki na manyoya tu, na chanjo inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, matone tu ya machoni. Halafu chakula cha kuku kifungiwe, mbuzi akivamia nafaka akashiba ghafla tumbo linachacha na anaweza kufa.

Maziwa pia, jamani, chemsheni! Nasikia watu wanasema ukichemsha unaua uasili wake. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua kimelea cha homa iliyokuwa inasumbua watu kisiwani Malta, na ni mwaka 1905 ndo Themistocles Zammit, daktari wa hukohuko Malta, akabaini kinatoka kwa mbuzi, mbuzi ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa. Ndo brusela hiyo, ugonjwa unaompata mtu kwa kunywa maziwa mabichi, na mpaka leo ipo.

Kwahiyo mhariri, mkiandika habari za ufugaji huu waulizeni wafugaji wanaamka saa ngapi na wanakagua nini, sio kuonyesha picha za mayai kwenye kikapu tu. Mbuzi nilionao sasa nawaangalia kope kila baada ya wiki mbili, mvua zikianza ndo siachi kabisa. Juzi mmoja nimemkuta ameanza kupauka, sijambahatisha, nimeshamwita daktari.

Mfugaji mdogo