Idi, uliza dawa kabla hujawapa funguo

Kwako rafiki yangu Idi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake utaiona huko mbele.

Uliniandikia kwamba kabla hujasafiri unataka gari lako likasafishwe kila pembe na watu wa kazi hiyo, kuanzia injini mpaka magurudumu. Nilipofika kwenye neno hilo la mwisho nikaiweka barua yako mezani nikatafuta kalamu. Nakuomba usilipeleke bado. Nisikilize kwanza yaliyonipata.

Unazikumbuka rimu zangu. Wewe ndiye uliyenisaidia kuzitoa kwenye maboksi siku ile, ukainyanyua moja kwa mkono mmoja, ukashangaa jinsi ilivyo nyepesi kwa ukubwa wake. Ni zile za vipande vitatu: katikati uso mweusi uliopakwa rangi ya unga, ile inayopuliziwa kavu kisha ikaokwa, na nje mdomo mpana wa alumini tupu iliyong'arishwa, haina laka, ile vanishi angavu ya juu, wala rangi. Miaka mitatu nimezitunza kwa mkono wangu. Zina ndoo yao na kitambaa chao, na sabuni yake ni ile laini. Kila baada ya miezi michache nilikuwa natia dawa kidogo ya kung'arishia kwenye pamba, nasugua mpaka ule weusi unaotoka kwenye alumini unaisha na naanza kuona meno yangu mle ndani. Mke wangu alikuwa akinikuta nimechuchumaa pale nje, ananiletea kigoda bila kuniuliza kitu.

Mwezi uliopita kazi zilinibana, nikasema safari hii nimpe anayejua. Kituo kina sifa, vijana wanavaa sare, mashine za presha zinang'aa. Niliwaambia walisafishe gari lote. Aliyenipokea hakuniuliza rimu zile zimevikwa nini, na mimi sikumwambia. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilidhani mtu anayeitwa mtaalamu huangalia anachokishika kabla hajakimwagia dawa.

Niliporudi jioni bodi ilikuwa imetakata kweli, lakini macho yangu yalikwenda chini moja kwa moja. Midomo ya rimu ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa yaliyozidishwa maji. Nikachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Kutoka kwenye kila bolti ya duara la juu palianza mchirizi mweupe, ukashuka, ukakutana na mwenzake, ikaungana kwenye mdomo wa chini ikawa doa moja pana. Nikapitisha kidole. Alumini iliyong'arishwa huteleza kama kioo kilicholowa, lakini hii ilikuwa kavu, inashika kidole kama ubao wa shule uliotoka kufutwa chaki. Nikalowesha kitambaa nikafuta. Kwa muda ambao maji yalikuwa juu yake nikaona ule mng'ao wa zamani, nikashusha pumzi. Maji yakakauka, weupe ukarudi palepale.

Mwenye kituo akaniambia hayo ni madoa ya barabarani, gari liliingia nayo. Idi, unanijua, mimi si mtu wa kugombana. Nilimwomba tu achuchumae karibu yangu atazame. Gurudumu likizunguka, maji au dawa iliyo juu yake hurushwa kutoka katikati kwenda nje, pande zote, kama mtoto anavyochora miale ya jua. Michirizi hii yote ilikuwa imeshuka wima kuelekea sakafuni, kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma. Kilichoiacha kilimwagika gari likiwa limesimama palepale, na likakaa hapo mpaka kikakauka. Kwenye yale ya mbele michirizi ilikuwa imelala, inakaribia kwenda sambamba na ardhi, kwa sababu yalifunguliwa baada ya kupuliziwa dawa yakarudishwa vingine. Na kuyafungua sikuwaagiza. Nilipiga picha za yote manne kabla gari halijasogea hata hatua moja. Hapo akanyamaza.

Akaitwa kijana aliyeosha. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, na vidole vyake vilikuwa vimebabuka vinatoka magamba. Hakuficha kitu. Alipulizia magurudumu yote manne, akaenda kupiga mashine ya vumbi ndani ya gari, akarudi akakuta dawa imeanza kukauka, akapulizia tena. Akasema, "Ilikuwa inatoa povu vizuri kweli, nikajua uchafu unatoka." Nikaomba kuiona dawa yenyewe. Akaniletea dumu la lita 20, dawa ya kutolea grisi, ndani yake kuna kostiki soda. Karatasi iliyobandikwa inasema izimuliwe kwa maji, na inasema isitumike kwenye alumini. Walikuwa wanaitia kwenye chupa ya kupulizia bila kuizimua, maana vumbi la breki huwa gumu kutoka.

Nilikaa usiku huo najisomea, kwa kuwa nilitaka kujua hasa nimepoteza nini. Alumini haiozi kama chuma kwa sababu hewa yenyewe huivika ngozi ya oksidi. Ngozi hiyo ina unene wa nanomita chache tu, na unywele mmoja wa kichwani unene wake ni makumi ya maelfu ya nanomita. Inastahimili vitu vya upole, vyenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au kostiki) kati ya 4 na 9 hivi. Maji ya kostiki soda isiyozimuliwa yako juu, kwenye 13 na 14. Yanaila ngozi ile kwanza, kisha yanaingia kwenye alumini yenyewe, na yanapoila hutoa gesi ya haidrojeni. Povu lile lililomfurahisha yule kijana zilikuwa rimu zangu zikiyeyuka. Na gari lilikuwa limetoka barabarani, breki bado za moto, na moto huharakisha kazi ya dawa na huikausha upesi juu ya kitu. Kila jambo lilikwenda upande wa kuharibu. Rangi ya unga ya katikati haikudhurika, hilo nashukuru.

Alinishauri mwenye kituo kwamba safari nyingine wangetumia dawa ya asidi, ati hiyo ni salama zaidi. Nikashtuka. Zipo dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki au chumvi za floridi. Hizo nazo hula alumini tupu, na hula hata kioo. Zikigusa ngozi huenda zisiume mara moja, huku zinapenya kwenda chini mpaka kwenye mfupa. Yule kijana hana glavu. Nilimwambia bosi wake mbele yake kwamba kabla ya kuzungumza habari za rimu zangu, huyu apewe glavu na miwani leo hii. Alitaka kumkata mshahara kulipia hasara yangu, nikakataa. Aliyenunua lile dumu na kumkabidhi bila kumsomea ndiye wa kulipa. Tulivutana siku nne. Mwishowe alikubali kulipa ufundi wote.

Fundi niliyempata ni mtu wa subira. Hakukimbilia mashine. Alianza na msasa wa maji namba 600, akaja 800, 1000, 1500, akamalizia 2000, kila namba akisugua kuvuka mikwaruzo ya ile iliyotangulia, mpaka haionekani tena. Baadaye ndipo akaingia na gurudumu la pamba na dawa. Rimu ya kwanza ilimla siku nzima. Hakuzitenganisha vipande, kwa kuwa katikati ya vipande kuna gundi ya kuzuia upepo, na bolti zile zina kipimo chake cha kukazwa. Mng'ao umerudi, kwa mbali hutajua. Lakini njoo karibu na vali ya gurudumu la nyuma kushoto, pale michirizi miwili ilipokutana: pana vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, kumi na kitu hivi. Fundi alisema angeweza kuvimaliza, ila angelazimika kuondoa alumini nyingi kuliko anavyotaka. Nikamwambia aache.

Na hayakuishia hapo. Siku ya pili baada ya gari kuoshwa, nikiwa barabarani, nilipofika kilomita 90 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Rimu hizi za kununua pembeni hutobolewa tundu kubwa la katikati ili zikubali magari mengi. Zangu ni milimita 73.1, na habu ya gari langu, kile kitovu ambacho rimu hukaa juu yake, ni 60.1. Nafasi inayobaki hujazwa na pete ya plastiki ngumu, ndiyo inayoiweka rimu katikati barabara wakati nati zinakazwa. Kumbe walipofungua magurudumu ya mbele pete moja ilinasa kwenye habu, ikadondoka, nao wakarudisha gurudumu bila hiyo. Niliikuta kwao kwenye ndoo ya vitambaa vichafu. Nati walizikaza kwa spana ya upepo, na soketi yake ya chuma isiyovikwa plastiki imekwangua kuta za matundu mawili ya nati mpaka alumini inaonekana.

Sasa nije kwako. Rimu zako si kama zangu, na kwa namna moja zina hatari zaidi. Uso wake umekerezwa kwenye mashine, ndiyo ile mistari myembamba unayoiona jua likiupiga, kama ya sahani ya santuri, na juu yake pana laka. Kwa hiyo alumini yako iko salama kwa muda laka itakapokuwa nzima. Mara ya mwisho tulipoonana niliona umeigonga moja kwenye ukingo wa barabara, na laka imebanduka kama ukucha wa kidole kidogo. Dawa kali ikiingia hapo inatambaa chini ya laka. Utaanza kuona vijinyuzi vyeupe vinajipindapinda kama njia za mchwa, na hapo pamba na mafuta ya kung'arishia havitasaidia, kwa maana ugonjwa uko chini. Itabidi laka yote ivuliwe, uso ukerezwe upya, na kila ukikerezwa rimu inapungua unene. Jambo hilo halirudiwi mara nyingi. Palipobanduka pazibwe kwanza, kabla ya mtu yeyote hajapamwagia chochote.

Ukifika kituoni, usianze na bei. Waulize watatumia dawa gani kwenye rimu, na waombe wakuonyeshe chupa. Wakikupa dumu lisilo na maandishi, washa gari uondoke. Anayejua kazi atakuuliza yeye kabla hujamuuliza: rimu zina laka, ni tupu, zimetiwa kromu, au zimepakwa rangi? Atazigusa kwa nyuma ya mkono kuona kama zimepoa. Atajaribu dawa yake sehemu iliyojificha, nyuma ya spoku moja ya rimu. Atafanya gurudumu moja mpaka amalize na kulisuuza ndipo aende jingine, ili kisikauke kitu. Sabuni ya kawaida ya gari, isiyo asidi wala kostiki, na brashi ya nywele laini hutoa karibu kila kitu kwenye rimu inayooshwa mara kwa mara. Kwa chembe za chuma za breki zilizoganda, ipo ile dawa inayogeuka zambarau inapozikuta. Kwenye laka nzima ni nzuri, ila nayo isiachwe ikauke, na kwenye alumini tupu mimi siitaki kabisa.

Wakisema lazima wafungue magurudumu, simama hapo hapo. Hesabu pete nne zikitoka, hesabu nne zikirudi. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako, kisha ukitembea kama kilomita 100 zipimwe tena. Na piga picha za rimu zote nne kabla hujatoa funguo, mchana, kwa karibu, laka ilipobanduka ionekane. Mimi picha za kabla nilikuwa nazo mbili tu, za jioni, na nusu ya zile siku nne za kuvutana zilitokana na hilo.

Kama unaweza kuahirisha safari yako wiki moja, nitakuja Jumamosi na ndoo zangu tuzioshe pamoja. Nitakuja pia na yule fundi aangalie palipobanduka. Ameniambia akiwahi, ni kazi ya saa chache.

Humu ndani ya bahasha nimekutilia kitu kidogo, kile kifuniko cha vali ulichonichagulia, cha alumini nyekundu. Nje kimebaki kijivu kitupu, rangi yote imeliwa. Kigeuze utazame ndani kwenye nyuzi zake. Huko bado ni chekundu vilevile kama siku uliponipa.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote